Mjomba Wake Katika Kikosi Changu

Mwaka ule nilipotaka kuoa, mjomba wa mchumba wangu aliingia katika kikosi changu cha mchezo wa kufyatuliana risasi kwenye simu, na tangu Jumamosi ya kwanza tulichukiana.

Nianze na jambo lililokuwa nje ya simu, maana ndilo lililokuwa na uzito. Katika familia ya mchumba wangu, neno la mwisho juu ya binti si la baba. Ni la mjomba, ndugu wa mama. Baba anaweza kukupenda, mama anaweza kukuongezea bukari, ugali wetu, kwenye sahani, lakini mjomba asiposema ndiyo, huna mke. Nilikuwa nimekwisha kujitambulisha kwao. Mjomba alisikiliza habari za kazi yangu, za wazazi wangu, za kanisa letu, kisha akasema ataangalia. Miezi ikapita akiwa bado anaangalia. Niliitwa mkwe, nikabeba adabu zote za mkwe, na mke sikuwa naye.

Adabu mojawapo ni hii: mkwe hasemi moja kwa moja na wakubwa wa mke wake. Unasalimia kwa mbali, macho chini. Ukiwa na jambo la kuomba unapitia kwa mtu mwingine, na ukiwa na jambo la kukataza, kusahihisha au kuamuru, basi hakika unapitia kwa mtu mwingine. Kwetu desturi hiyo ilikuwa imelegea, kwa sababu wazazi wangu walitoka mbali, kila mmoja upande wake, na pasta wetu haipendi. Kwao, mtaa wa Shituru, ilikuwa imekazwa kama kamba. Mchumba wangu ndiye aliyenifundisha nikae wapi, nisimame lini. Niliwahi kumuuliza nifanye nini nikiona kiti cha mjomba kinawaka moto. Akafikiri kidogo, akasema nimtafute mtu amwambie.

Kazi yangu ni kutengeneza simu. Nina kibanda karibu na soko la katikati ya mji, na nina tabia ya kumweleza kila mteja ugonjwa wa simu yake tangu mwanzo hadi mwisho, hata asiyetaka. Kwa hiyo niruhusu nieleze na mchezo, nitakwenda polepole. Kama hujawahi kuushika, usiogope, hauna maajabu.

Kuna namna mbili za kuucheza. Ya kwanza ni ya kujifurahisha. Unaingia uwanjani, unapiga, unapigwa, unakufa, na baada ya sekunde tatu umezaliwa tena ukiwa na bunduki mpya. Kifo hakina maana. Watu hukimbia hovyo, hupanda magari, hucheza dansi juu ya maiti, hucheka. Sisemi ni vibaya. Mtu aliyetoka kubeba magunia siku nzima ana haki ya dakika kumi za upuuzi.

Namna ya pili ni ya mbinu. Wanne kwa wanne, na kila mmoja ana uhai mmoja katika kila raundi. Ukifa umekufa, unakaa kutazama mpaka raundi iishe. Upande mmoja unatega bomu, mwingine unazuia. Hapo kukimbia ni dhambi, kwa sababu nyayo zinasikika. Unatembea polepole, unasimama, unasikiliza. Kila pembe ya ramani ina jina lake ili mwenzako ajue hatari iko wapi. Sisi tulitumia majina ya kwetu: ghala lenye mabomba tuliliita Shituru, bwawa tuliliita Koni, na kile chumba cha chini ambacho ukiingia hutoki tulikiita Buluo, kama gereza letu. Mtu mmoja anaongoza, wengine wanafuata, na wote wanasema wanachokiona. Hiyo ndiyo roho yake. Kuona bila kusema ni sawa na kutoona.

Nilikuwa naongoza kikosi cha watu wanne. Wa pili alikuwa rafiki yangu, fundi wa nguo, kijana mpole mwenye maneno laini. Wa tatu alikuwa muuguzi wa zahanati moja, mwanamke asiyesema sana na asiyekosa shabaha. Wa nne alikuwa bingwa wa kutega bomu, na huyo akapata kazi Kolwezi, akaenda, simu yake ikawa haishiki mtandao vizuri huko. Tukabaki watatu, na miezi miwili mbele yetu kulikuwa na mashindano ya mji.

Mjomba alikuwa mnunuzi wa madini. Ujanani alichimba mwenyewe, aliingia mashimo ambayo wengine waliyaogopa, akatoka na kitu, na tangu siku hizo aliamini kwamba dunia huwapa wanaoingia. Alikuwa mnene, mwenye sauti, mwenye kicheko cha kugonga meza. Siku moja alipita kibandani kuchukua simu yake mpya, akatuona mimi na fundi wa nguo tukicheza, akavuta kiti. Nilitaka kumfurahisha. Nikamwekea mchezo kwenye simu yake kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwa wiki tatu alicheza ile namna ya kwanza, kutoka chakula cha mchana mpaka jioni, na kila mtu Shituru alijua. Kisha mchumba wangu akaja kibandani na uso wa mtu aliyebeba ujumbe mzito. Mjomba amesikia tuna nafasi. Mjomba ameichukua. Nilimuuliza kama amesema anaiomba. Akasema hapana, ameichukua.

Ningefanya nini? Kumkataa kungehitaji mtu wa kwenda kumwambia, na sikumpata mtu wa namna hiyo katika mji mzima wa Likasi.

Tulifanya mazoezi Jumamosi alasiri, kila mtu kwake, tukisikilizana kwa visikizio. Hapo ndipo desturi ilipoingia ndani ya mchezo. Mimi ndiye kiongozi, kazi yangu ni kutoa amri. Yeye ni mkubwa wa mke wangu mtarajiwa, haamriwi na mimi. Wote wanne tulilijua hilo bila kuambiana. Basi ikawa hivi: namwona adui anakuja upande wa bwawa, namwambia fundi wa nguo, "Fundi, muambie papa abakie nyuma ya ukuta," papa akiwa ndiye mjomba. Fundi anasema, "Papa, wanaomba ubakie nyuma ya ukuta." Kati ya maneno yangu na yake zinapita sekunde mbili. Katika mchezo huu sekunde mbili ni maisha ya watu wawili.

"Nani anaomba?" mjomba angesema kwa Kiswahili cha mitaani kwetu, ambacho mimi ni minye. "Minye nilishakufa kitambo. Muambie atume maua."

Wakati mwingine alikuwa hajafa, alikuwa tu amechoka kungoja. Alitoka mbio katikati ya uwanja akipiga risasi hewani, akaanguka, akacheka mpaka visikizio vikakwaruza. Kisha angemwambia fundi, akijua vizuri kwamba nasikia: "Mukwe yangu anacheza sawa muntu mwenye kutafuta sindano mu nyumba. Minye nikiona shimo, naingia."

Nami nilikuwa na silaha yangu, na nitaisema ingawa hainipi sifa. Silaha yangu ilikuwa subira. Nilimweleza. Kila baada ya raundi nilimpa fundi maelezo ya kumpelekea: kwa nini alikufa, adui alisikia nini, mguu wake ulikuwa wapi. Sikupandisha sauti hata mara moja. Kadiri alivyonitukana ndivyo nilivyozidi kuwa mtaratibu. Nilirekodi ujumbe mrefu wa sauti, nikautuma kwa fundi autume kwake, nikianza tangu mwanzo kabisa, bunduki ni nini, ukuta ni nini. Nilijua kwamba humuumi mtu mzima mwenye kiburi kwa matusi, ameyazoea. Unamuuma kwa kumweleza vizuri jambo ambalo analijua tayari.

"Muambie papa," nilisema siku moja, "kwa heshima yote, kwamba ukuta si mlango."

Fundi akamwambia mjomba kwamba mkwe anashukuru kwa juhudi zake. Ndivyo alivyofanya baadaye mara nyingi, akiyakata maneno yetu na kuyashona upya. Lakini visikizio vilikuwa wazi, na kila mmoja alimsikia mwenzake kabla fundi hajafungua kinywa. Muuguzi alikuwa anapiga adui mmoja mmoja bila kusema, kama mtu anayeosha vyombo huku wenye nyumba wanagombana.

Mjomba alijibu kwa silaha aliyokuwa nayo, ambayo ilikuwa kubwa kuliko yangu. Kikao cha familia cha kupanga siku ya ndoa kiliahirishwa. Sababu haikutolewa. Kikapangwa tena, kikaahirishwa tena, na safari hii aliacha ijulikane kwamba bado anaangalia, na anachokiona si kizuri sana. Baba wa mchumba wangu, mtu mwema, alinishika bega nje ya kanisa, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Mchumba wangu alikuja kibandani, akakaa kwenye kile kiti cha wateja, akaniomba jambo dogo. Nicheze na mjomba ile namna ya kwanza, ya kucheka. Mara moja tu. Nisiongoze, nisieleze, nikimbie naye. Alisema mjomba hataki kujifunza, anataka mtu wa kucheza naye, na kwamba watoto wake wote wako mbali. Nikakubali. Tukaingia, mimi na mjomba, uwanja wa vurugu. Nilijaribu kukimbia. Baada ya dakika moja nilijikuta nimejificha nyuma ya pipa, nikisikiliza nyayo, mahali ambapo hakuna anayejali nyayo. Mjomba alinikuta hapo. Katika namna hiyo mnaweza kuwekwa pande tofauti, nasi tuliwekwa. Alinipiga risasi, akacheza dansi juu yangu muda mrefu. Nilimsikia anacheka kwa furaha halisi, bila sumu, nadhani ndiyo mara pekee. Na mimi nikaona aibu, na aibu ikageuka chuki kabla sijafunga simu.

Sasa nifike kwenye mashindano.

Yalifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa sherehe, ule wa kukodiwa kwa harusi. Viti vya plastiki vilikuwa bado vimevaa mashuka meupe, na mezani kulikuwa na maua ya karatasi ambayo hakuna aliyeyaondoa. Watu walikuja wengi kuliko nilivyofikiri. Vikosi vya mji, kimoja cha Kambove, kimoja cha Lubumbashi kilichokuja na fulana za rangi moja. Mwenye kuandaa aliweka runinga kubwa ukutani, akaiunganisha ili watazamaji waone mchezo kupitia macho ya mchezaji mmoja au mwingine. Sisi wachezaji tuliipa mgongo. Na kwa kuwa tulikuwa chumba kimoja, aliweka sheria: ukifa, unaiweka simu chini, unasimama, unakwenda nyuma ya kamba iliyofungwa kati ya nguzo mbili, na hufungui mdomo mpaka raundi iishe. Mfu akisema, kikosi chake kinapoteza raundi.

Mchumba wangu alikuja. Alikaa safu ya pili, karibu na mama yake, uso kwa runinga.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mjomba alibadilika. Sijui kama ni ule umati, au ni fulana za Lubumbashi, au ni kwamba maelezo yangu, pamoja na chuki yote niliyoyapakia, yalikuwa yameingia. Hakukimbia. Alitembea polepole. Alisimama kwenye pembe, akasikiliza. Fundi alipompelekea maneno yangu alijibu, "Nasikia," basi. Tulishinda kikosi cha kwanza, tukashinda cha Kambove, na mjomba alitega bomu mara mbili bila kupiga risasi hata moja. Watu waliokuwa wamekuja kumcheka walianza kumshangilia. Ungetegemea nifurahi. Mimi niliona kwamba ameweza siku zote, na kwamba wiki zile zote alikuwa anakufa kwa makusudi ili kunidharau.

Labda ndivyo, labda sivyo. Sikumuuliza wakati ule, na baadaye haikuwezekana.

Mwisho tulikutana na wa Lubumbashi. Raundi zikawa sawa kwa sawa, ikabaki moja. Tulikuwa tunazuia bomu. Muuguzi aliwaangusha wawili, kisha akaangushwa. Akaweka simu chini, akaenda nyuma ya kamba. Fundi aliua mmoja na kuuawa na mwingine palepale. Naye akasimama. Nilimwona anapita kando yangu, akinitazama, akiwa ameubana mdomo kwa vidole viwili.

Nikabaki mimi na mjomba, na adui mmoja. Hapakuwa na mtu katikati yetu.

Mjomba alikuwa Shituru, ndani ya ghala, amechuchumaa nyuma ya mabomba, bunduki yake imeelekea mlango mkubwa. Ni mahali nilipomwambia awe, kwa mdomo wa fundi, mara hamsini. Alikuwa ametulia kabisa. Mimi nilikuwa juu, kwenye ngazi ya nje, nikichungulia dirishani. Na kutoka pale nilimwona adui anaingia, si kwa mlango mkubwa, bali kwa kile kimlango cha nyuma, polepole, bila sauti. Alikuwa nyuma ya mjomba. Kutoka kwangu alifunikwa nusu na bomba, sikuweza kumpiga bado.

Nilichotakiwa kusema ni neno moja. Nyuma. Mjomba alikuwa amekaa umbali wa mkono kutoka kwangu, kiti kwa kiti, nilisikia pumzi zake. Ningesema tu.

Sikusema. Sekunde tano, watu walizihesabu baadaye kwenye runinga. Adui alisonga hatua moja, mbili, akajitokeza kutoka kwenye bomba ili apate shabaha, akampiga mjomba. Na alipojitokeza, nikampiga mimi. Raundi yetu. Mashindano yetu.

Ukumbi ulilipuka kwa sekunde moja, kisha kelele zikakatika katikati. Mwenye kuandaa alikuwa ameacha runinga kwenye macho yangu. Kila mtu alikuwa ameona nilichokiona, kwa muda wote nilioona. Niliinua macho nikamwona mchumba wangu. Hakuwa anaitazama runinga tena, alikuwa anautazama uso wa mjomba wake.

Mjomba aliiweka simu mezani, taratibu, kifudifudi. Hakwenda nyuma ya kamba. Alinigeukia, na kwa mara ya kwanza alisema nami moja kwa moja, kwa sauti ya kawaida.

"Ulimuona."

Nikageuka kumtafuta fundi wa nguo. Mjomba akaona namtafuta. Akainuka, akatoka, na simu akaiacha pale karibu na maua ya karatasi.

Siku nne baadaye niliitwa Shituru, saa kumi alasiri. Nilikwenda na fundi, kama inavyopaswa. Mjomba alikuwa amekaa barazani kwa dada yake. Mchumba wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya mlango, na hiyo haikuwa kawaida. Fundi alifungua kinywa kusalimia kwa niaba yetu, mjomba akainua mkono.

"Weye fundi, kaa. Leo hapana muntu wa katikati. Uyu atasema mwenyewe."

Akaniuliza kama nilimuona yule mtu. Nikasema nilimuona.

"Juu ya nini ulinyamaza?"

Nilikuwa na majibu mawili, nilikuwa nimeyapanga njiani, na yote mawili yalikuwa mazuri. La kwanza lilikuwa la desturi: mkwe hampi mkubwa amri, na mtu wetu wa katikati alikuwa amekufa. La pili lilikuwa la mbinu: ningesema, angegeuka, viatu vyake vingelia sakafuni, adui angerudi nyuma ya bomba na tungepoteza wote wawili. Nikaanza na hilo la pili. Nikaeleza vizuri, kwa utulivu, mahali pa bomba, pembe ya dirisha. Nilikuwa hata nimeanza kuchora kwa kidole kwenye vumbi.

"Usinifundishe," mjomba akasema. "Minye siko mwanafunzi yako. Nauliza kintu kimoya tu, na unajibia ingine."

Nikahamia jibu la desturi. Akanikatiza kabla sijafika katikati. Alisema desturi hiyo ni ya babu zake yeye, si yangu, na kwamba babu zake hawakuiweka ili mkwe amtazame mkubwa anachomwa kisu mgongoni. Alisema kiti kikiwaka moto, mkwe anapiga kelele, adabu tutazungumzia baadaye. Alisema mtoto yeyote anajua hilo. Mchumba wangu aliinua macho kidogo akanitazama, kisha akayashusha.

Sikuwa na jibu la tatu lililopangwa. Lililotoka ndilo hili.

"Nilitaka ufe, papa."

Ndani ya nyumba mtu aliacha kutwanga. Mjomba alinitazama muda mrefu, na sikushusha macho yangu, na hilo pia lilikuwa kosa la adabu.

"Bien," akasema mwishowe, yaani vema. "Sasa umesema."

Akatuambia twende, jibu litakuja.

Jibu lilikuja baada ya wiki, mchana, nikiwa na simu ya mteja wazi mezani, vipande vyake vimetandazwa kwenye kitambaa. Alilileta fundi wa nguo. Hakukaa. Alisema wamesema hapana.

Nilimwambia nililitegemea hilo, mzee ana haki ya kulipiza. Nikaanza kumweleza fundi jinsi kiburi cha mtu wa namna ile kinavyofanya kazi. Akanisikiliza kidogo, kisha akanikatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Hapana yeye," alisema. "Mujomba alisema uoe. Alisema muntu mwenye kukuambia mu macho kama alitaka ufe, ule hatakutilia sumu mu chakula. Alisema anakuchukia, lakini uoe. Ni mutoto mwenyewe njo alikatala."

Niliiweka bisibisi chini. Nilimwomba anipe maneno ya mchumba wangu kama alivyoyasema, bila kuyakata wala kuyashona.

Akanipa. Alisema: mujomba amesamehe, iko haki yake, ni yeye alikufa. Lakini minye njo ningeishi na muntu mwenye kuona na kunyamaza, na kupiga hesabu.

Nilimwambia fundi arudi kwa mchumba wangu. Nilikuwa na mambo ya kumweleza, si mengi, nilikuwa naweza kuyafupisha. Fundi alitikisa kichwa. Alisema amebeba maneno yangu miezi miwili na mikono imechoka, na kwamba hakuna adabu yoyote inayonikataza kusema na yule mwanamke mwenyewe.

Nilikwenda kesho yake. Alitoka mpaka kwenye ua, akasimama upande wake wa lango, mikono ina unga. Nilimweleza. Nilimweleza tangu mwanzo, jinsi nilivyoanza kumchukia mjomba wake na kwa hatua gani, jinsi subira yangu ilivyokuwa imeoza bila mimi kuona, jinsi zilivyokuwa zile sekunde tano kwa ndani. Nadhani sijawahi kueleza jambo vizuri hivyo maishani. Alinisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza hata mara moja.

"Umemaliza?" akaniuliza.

Nikasema nimemaliza.

"Sawa," akasema, akarudi jikoni kwa mama yake.